Fomu ya bure, jibu la gharama: soko la maoni kisiwani Pate

Mfanyabiashara anayetaka kujua kama mtambo wa barafu utapata wateja Mbwajumali, kisiwani Pate, hahitaji tena kuajiri kampuni ya utafiti ya Nairobi. Fomu ya Google haitozwi chochote, huandaliwa kwa simu, na majibu hujipanga yenyewe kwenye jedwali. Kazi ya kukusanya maoni imekuwa ikishuka bei kwa miaka mingi. Kampuni kama GeoPoll zilizoea kuuliza kwa ujumbe mfupi na kumlipa mhojiwa kwa salio la simu. Sensa ya 2019 nayo iliacha karatasi, makarani wakapewa kompyuta za mkononi.

Kilichoshuka bei, hata hivyo, ni fomu tu. Kumpata mtu anayestahili kuijaza kungali na gharama zake, na Lamu Mashariki gharama hizo ni nzito. Sensa hiyo iliwahesabu watu 22,258 katika eneo lote, nao wametawanyika Pate, Ndau, Kiwayuu, Kiunga na vijiji vya bara. Tuma kiungo cha fomu kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, kisha utazame wanaojibu: mwanafunzi, mwalimu, na jamaa aliyehamia Mombasa ambaye hatanunua barafu hata kilo moja. Mvuvi aliye dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, haoni ujumbe huo, na akirudi huenda bando limekwisha.

Kura ya WhatsApp, iliyoanza kupatikana mwaka 2022, ina tatizo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi: wanakundi huona nani kachagua nini. Pwani yetu wavuvi wengi hukopeshwa nyavu, mashine au mafuta na tajiri, naye hulipwa kwa samaki. Muulize mvuvi wa namna hiyo, mbele ya tajiri wake, kama angependa kuhifadhi samaki kwenye barafu ampelekee mnunuzi mwingine. Atanyamaza, au atapiga kura ya kumridhisha mdai wake. Ukiisoma kura hiyo kama hesabu ya soko utapata hasara.

Chombo kinachofaa zaidi ni KoboToolbox, mradi uliozaliwa katika kitengo cha misaada ya kibinadamu cha Chuo Kikuu cha Harvard. Fomu kwenye programu yake ya simu hujazwa bila mtandao, na majibu hutumwa karani akifika penye mawimbi. Karani ashuke bandarini mashua zinapoingia, aulize mtu mmoja mmoja, kando. Majina ayatoe kwenye daftari la chama cha usimamizi wa ufuo; vyama hivi viliwekewa kanuni mwaka 2007. Tuseme daftari lina majina 300: akichukua kila jina la kumi anapata watu 30, na walio dago awasubiri warudi. Kina mama wanaonunua samaki wa kukaanga huenda hawamo daftarini, kwa hiyo watafutwe majumbani.

Maswali nayo yapimwe. Ukiuliza “utanunua barafu?” karibu kila mtu atasema ndiyo, kwa heshima tu. Uliza wiki iliyopita alinunua barafu ya shilingi ngapi, na samaki kiasi gani waliharibika. Uliza tena msimu ukibadilika, kwa kuwa mapato ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, si mapato ya kusi.

Lamu inajua uzito wa kuwauliza watu ipasavyo. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na sababu mojawapo ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mwekezaji asidhani majibu arobaini ya kiungo yanatosha kusema watu wameulizwa. Na Sheria ya Ulinzi wa Data, ya mwaka huohuo, inamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze ni za kazi gani. Namba ya kitambulisho haihitajiki kwenye dodoso la barafu.

Kwa hiyo bajeti ya mwenye mtambo iwe ndogo kwa programu, na fedha ziende kwa nauli ya boti na ujira wa makarani wawili wa Mbwajumali yenyewe: mmoja mwanamke, na asiwepo hata mmoja anayemfanyia tajiri kazi.