Kuyeyuka na Kumumunyuka: Somo la Sifa za Kimaumbile za Maada

Mwanachuo atakayekwenda kufundisha hukutana mapema na mtoto asemaye kwamba chumvi iliyotiwa majini "imeyeyuka, imekwisha". Jibu hilo lina makosa mawili, na la kwanza latokana na mazoea ya lugha yetu. Katika mazungumzo ya kila siku neno kuyeyuka hubeba mambo mawili: barafu inayogeuka maji, na chumvi inayopotea machoni ndani ya maji. Mwalimu wa sayansi hana budi kuyatenga. Kuyeyuka ni yabisi kugeuka kimiminika kwa kupata joto; kumumunyuka ni kitu kutawanyika, chembe kwa chembe, katika kimiminika.

Mwalimu aliyepangwa Kitaya, katika bonde la mto Ruvuma, hahitaji maabara ili alionyeshe hilo. Achukue chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta hayo huganda yakipoa chini ya digrii 24 hivi za sentigredi; ndiyo maana asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, huweza kukutwa meupe na magumu. Chupa ikiwekwa juani huyeyuka, bila kuongezwa hata tone la maji. Chumvi ya jikoni, kwa upande wake, huyeyuka kwenye digrii 801, ilhali maji huchemka kwa digrii 100 tu. Basi chumvi ya kikombeni haikuyeyuka hata kidogo.

Je, imekwisha? Hapa tusihubiri, tupime. Mizani ya kijiti na makopo mawili yatosha. Kopo moja libebe kikombe cha maji pamoja na chumvi iliyofungwa katika karatasi, la pili kokoto za kulisawazisha. Chumvi imiminwe majini, karatasi irudishwe mahali pake: mizani haitainama. Kisha mmumunyo huo uanikwe katika sahani pana, na baada ya siku chache punje zitaonekana tena. Wenye mashamba ya chumvi katika pwani ya Mtwara hutegemea jambo hilohilo, kwani lita moja ya maji ya bahari kuu ina gramu 35 hivi za chumvi. Mlangoni mwa Ruvuma hupungua, kwa kuwa mto huleta maji baridi.

Sifa ya kimaumbile, basi, ni ile tunayoweza kuichunguza bila kukigeuza kitu kuwa kingine. Sukari iliyounguzwa ikawa makaa meusi hairudi kuwa sukari. Hilo ni badiliko la kikemia, nalo lina somo lake.

Ladha nayo ni sifa, lakini tuitaje kwa vyakula tu. Huku kwenye mikorosho unga wa salfa hupatikana majumbani, na mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi. Unga wowote usiojulikana, watoto wauchunguze kwa macho, maji na mizani, kamwe si kwa ulimi.