Kigae Kilichopasuka Kabla Hujahamia

Anayehama nyumba kabla ya mkataba kuisha huwa na hofu moja kubwa: dipoziti. Akitoka ghafla ataipoteza, kwa hiyo anatafuta mtu wa kuingia mahali pake. Nairobi mtu huyo hakosekani. Rafiki wa rafiki anakuja, anaipenda nyumba, kisha anaambiwa: "Nipe mimi ile dipoziti, wewe utarudishiwa na mwenye nyumba siku utakapohama." Pesa zinatumwa kwa M-Pesa, keateka anaachiwa namba mpya ya simu, kodi inaendelea kuingia kila mwezi. Mwenye nyumba haulizwi chochote, naye hana haja ya kuuliza.

Miaka miwili baadaye mpangaji huyo wa pili naye anafunga virago. Ajenti anapita na kalamu: vigae viwili vya jikoni vimepasuka, mlango wa kabati hauna bawaba, sinki la bafuni lina ufa, soketi moja imeungua. Ukijumlisha, dipoziti karibu yote imekwisha. Mpangaji anaapa kwamba alivikuta hivyo. Huenda anasema kweli kabisa, na bado ukweli huo usimsaidie.

Wengi hudhani ugomvi huu unahusu nani aliyevunja. Sheria ya Kenya huanza na swali jingine: mkataba unaoushika ulianza lini? Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali iliyokuwa nayo mkataba ulipoanza, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida, na kwa madhara ya mambo kama moto, mafuriko, ghasia, radi au tetemeko ambayo hayakutokana na uzembe wake. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 ina maneno yanayokaribiana sana na hayo. Hapo hapazungumziwi hali uliyoikuta wewe ulipohamia. Kwa mpangaji wa kwanza siku hizo mbili ni siku moja. Kwa aliyeingia katikati zinaweza kupishana kwa miaka, na kila alichokiharibu mtangulizi wake kimo ndani ya miaka hiyo.

Ndiyo maana namna ya kuingia ina uzito kuliko bei ya nyumba. Mwenye nyumba akiufunga mkataba wa zamani, akamalizana na mpangaji anayetoka, kisha akaandikiana nawe mkataba mpya, saa yako inaanza kuhesabiwa siku hiyo. Nyufa zilizokuwepo ni sehemu ya hali ya nyumba mkataba wako ulipoanza, wala huwezi kudaiwa uirudishe ikiwa nzuri kuliko ulivyoipokea. Lakini ukihamishiwa mkataba uleule, ukavaa viatu vya aliyetangulia hadi muda wake uishe, saa haikuanza upya. Iliyoanza Januari ya mwaka juzi bado inahesabu.

Kanuni hii ni kongwe. Mwaka 1583, katika kesi ya Spencer, majaji wa Uingereza waliletewa mgogoro wa mpangaji aliyeahidi kujenga ukuta wa matofali, mkataba ukapita mikono miwili, ukuta usijengwe. Spencer, aliyekuwa mwenye mali, alishindwa: ukuta haukuwepo wakati wa kuahidi, na watakaoupokea mkataba hawakutajwa. Hata hivyo majaji walitamka kwamba ahadi inayohusu kitu ambacho tayari kipo, kama ile ya kutunza na kukarabati nyumba, humfunga kila anayeupokea mkataba. Kanuni za aina hiyo zilikuja Kenya na ukoloni, na mahakama bado huzirejea pale sheria zilizoandikwa zinaponyamaza.

Ndani ya kanuni hiyo mna tofauti inayowaokoa wengi. Kosa lililokwisha kutendeka na kukamilika, kama kodi ya Machi ambayo mtangulizi hakulipa, ni deni lake mwenyewe, wala hutalirithi. Lakini wajibu wa kuiweka nyumba katika hali nzuri hauishi siku moja. Kigae kilichopasuka leo na kesho bado kimepasuka, na kila siku nyumba ikiwa mkononi mwako wajibu huo ni wako, hata kama sufuria iliyokipasua haikuwa yako. Unaweza kumgeukia mtangulizi akulipe, ikiwa mliandikiana hivyo na kama bado unampata kwa simu.

Sasa turudi kwa yule aliyetuma dipoziti kwa rafiki wa rafiki. Yeye hakupewa mkataba mpya wala hakuhamishiwa wa zamani kwa maandishi. Kifungu kilekile cha 66 kinamkataza mpangaji kuhamisha mkataba au kumpangishia mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba, ingawa mwenye nyumba naye hapaswi kuinyima idhini hiyo bila sababu ya maana. Hata hivyo hali yake si mbaya kama inavyoonekana. Anayekaa katika nyumba peke yake na kulipa kodi bila maandishi, mwenye nyumba akijua na kuipokea, sheria humhesabu kuwa mpangaji wa kipindi kwa kipindi, kwa kawaida mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo anaweza kudai kwamba upangaji wake ulianza mwezi aliolipa kodi ya kwanza kwa jina lake, na hali ya nyumba ipimwe kuanzia hapo.

Kinachomkwamisha ni dipoziti. Mwenye nyumba atamwambia, bila kudanganya, kwamba hajawahi kupokea dipoziti yake. Aliyoishika ni ya mtu aliyehama, na mtu huyo ameacha nyumba imevunjika.

Dawa ni karatasi moja yenye sahihi tatu: ya anayetoka, ya anayeingia, na ya mwenye nyumba au ajenti wake. Isiandikwe kwa Kiswahili cha mahakamani. Yatosha iseme kwamba tangu tarehe fulani dipoziti ya Sh35,000 inashikwa kwa jina la mpangaji mpya, kwamba nyumba imepokelewa ikiwa na kasoro zilizoorodheshwa nyuma ya karatasi, na kwamba mpangaji mpya hatadaiwa kasoro hizo. Kama orodha hiyo inahitaji matengenezo ya Sh8,000, zikatwe siku hiyohiyo kwenye pesa za anayeingia: anayetoka apewe Sh27,000, na Sh8,000 zipelekwe kwa mwenye nyumba atengeneze. Anayetoka atanuna. Anune sasa, akiwa bado anahitaji mtu wa kuingia.

Mkague nyumba pamoja, mchana, ikiwa tupu. Fungua mifereji yote kwa wakati mmoja. Chungulia chini ya sinki. Vuta maji ya choo mara mbili mfululizo, washa shawa ya maji moto, jaribu kila soketi kwa chaja ya simu. Piga picha, kisha umtumie ajenti kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Picha iliyobaki kwenye simu yako haithibitishi ajenti aliarifiwa lini. Kasoro iliyojificha, kama bomba linalovuja ndani ya ukuta hadi kwa jirani wa chini, iarifu kwa maandishi mara tu unapoiona. Ukipanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu za pamoja ni jukumu la mwenye nyumba chini ya kifungu cha 65 cha Sheria hiyohiyo ya Ardhi, kinachomtaka pia ahakikishe nyumba inafaa kukaliwa na binadamu mkataba unapoanza na muda wote unaofuata.

Kuhusu rangi nina neno. Rangi kufifia kwa jua na mikono ya watu ni uchakavu wa kawaida, lakini mikataba mingi ina kipengele kinachomlazimu mpangaji apake upya anapohama au akatwe gharama. Ukiridhia kipengele hicho kwa maandishi, ni vigumu kukikimbia. Kinachoniudhi ni mwenye nyumba kumkata anayetoka pesa za rangi, asipake, kisha miaka miwili baadaye amkate na anayefuata kwa kuta zilezile. Huko ni kulipwa mara mbili kwa kazi ambayo haikufanywa. Uliza mapema: huyu anayetoka amekatwa nini? Jibu liandikwe kwenye ile karatasi.

Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya pesa ambazo mtu amekushikia, wala si lazima uwe na wakili. Baraza la Kodi za Nyumba lina mamlaka juu ya makao ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango cha enzi nyingine ambacho kinawaacha nje karibu wapangaji wote wa magorofa. Kwa kanuni ya ushahidi, anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha, kwa hiyo mwenye nyumba anayekata pesa za sinki anapaswa kuonyesha kwamba sinki lilikuwa zima mkataba wako ulipoanza. Tatizo ni kwamba pesa ziko kwake, na aliyeshika pesa hana haraka ya kuthibitisha lolote. Wewe ndiye wa kupanda ngazi za mahakama.

Kabla ya kutia sahihi, nunua tokeni za stima kidogo kwenye mita ya nyumba hiyo na uisome risiti. Kama mita ina deni la mtu mwingine linalokatwa kila unaponunua, litaonekana hapo, na kiasi chake kiingie kwenye hesabu ya zile Sh27,000.