Kozi Ifutwapo Simuni, Hupotea Nini?

Mji wa Tunduma, ulioko mkoani Songwe kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, ni mji wa lugha nyingi. Nyumbani mtu huweza kuzungumza Kinyamwanga au Kinyiha, na sokoni Kiswahili. Akivuka hatua chache kuingia Nakonde hukutana na Kibemba na Kiingereza. Tena madereva wa malori yaendayo Lubumbashi hurejea na maneno ya Kifaransa. Haishangazi, basi, kwamba kijana wa mji huu mwenye simu ya mkononi huvutiwa na programu za kujifunzia lugha, wala haishangazi kwamba huongeza kozi moja juu ya nyingine: leo Kifaransa kwa ajili ya biashara ya Kongo, kesho Kichina kwa ajili ya bidhaa za Guangzhou. Siku simu inapomwarifu kwamba nafasi imejaa, huchagua kozi mojawapo akaifuta, akidhani ametua mzigo.

Dhana hiyo hutokana na kuifananisha kozi na kitabu. Kitabu kikiondolewa, rafu hupata nafasi. Na siku kitakaporudishwa, alama iliyowekwa katika ukurasa itakuwapo. Kozi ya simuni haiko hivyo. Katika programu kama Duolingo, iliyoanzishwa na Luis von Ahn na Severin Hacker huko Pittsburgh, Marekani, mwaka 2011, mafunzo yenyewe huwekwa katika kompyuta za kampuni ziitwazo seva. Simu hupokea somo linalohitajika wakati huo tu, pamoja na sauti na picha zake. Kwa hiyo kuongeza kozi ni kuandikisha jina katika rejista iliyo mbali, na kuifuta ni kuichana karatasi ya mwanafunzi katika rejista hiyo. Nafasi inayopatikana simuni ni ndogo sana. Aitakaye nafasi angefanya vyema zaidi kufuta video alizotumiwa na jamaa zake.

Karatasi hiyo imeandikwa nini? Ili kulijibu swali hili yafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1885, wakati mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akangoja, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi alichookoa alipozikariri upya. Baada ya siku moja aliokoa asilimia 34 hivi ya kazi ya awali. Baada ya siku 31, asilimia 21. Msomaji atazame tarakimu hizo kwa makini. Kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Na hata baada ya mwezi mzima, yale yaliyodhaniwa kuwa yamesahauliwa hayajatoweka kabisa.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliyafanya maarifa ya namna hiyo kuwa mbinu ya nyumbani. Maneno huandikwa katika kadi, na kadi hupangwa katika visanduku. Neno likijibiwa sawasawa, kadi yake huhamia kisanduku kinachofunguliwa mara chache zaidi. Likikosewa, hurudi katika kisanduku cha kwanza. Programu ya simu huifanya kazi hiyo kwa hesabu. Burr Settles na Brendan Meeder walieleza mwaka 2016 jinsi Duolingo ilivyoweza kukadiria, kwa kila neno na kwa kila mwanafunzi, muda ambao uwezekano wa kulikumbuka neno hushuka hadi nusu. Wanafunzi wa fizikia wataitambua hesabu hii, kwani ni ile ile ya nusu-maisha ya elementi zenye unururifu. Tuseme neno la Kifaransa lina nusu-maisha ya siku 4. Baada ya siku 4 bila kulirudia, uwezekano wa kulikumbuka ni 1/2. Baada ya siku 8 ni 1/4. Baada ya siku 12 ni 1/8. Kila jibu sahihi huurefusha muda huo, na kila kosa huufupisha.

Kinachochanwa, basi, ni kipimo cha usahaulifu wa mtu huyo, kilichokusanywa jibu kwa jibu kwa miezi. Akiirudia kozi baadaye, programu humpokea kama mgeni na kumwanzishia salamu, ilhali kichwani mwake sehemu ya kazi ya zamani ingalimo. Analipia kwa bando lake kufundishwa anayoyajua.

Hasara hii si sharti la kiufundi. Katika Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vikuu vingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa kimojawapo, mwanafunzi aliyeondolewa katika kozi akaandikishwa tena anaweza kurudishiwa alama zake za awali. Ni uamuzi wa watengenezaji, na pengine ni uamuzi unaofaa kuulizwa.

Kufuta programu nzima ni jambo jingine. Mtu aliyejiandikisha kwa barua pepe na nywila anaweza kuiondoa programu, akaiuza hata simu yenyewe, na siku atakapoingia kwa simu nyingine ataikuta karatasi yake. Aliyeitumia bila kujiandikisha hana dai.

Lipo jambo la pili linalowachanganya wengi. Kozi hupangwa kwa jozi: lugha inayofundishwa na lugha inayofundishia. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo, iliyofunguliwa mwaka 2017, iliwekwa kwa ajili ya wajuao Kiingereza. Mtu akibadili lugha ya kufundishia, orodha yote ya kozi hubadilika, naye huweza kudhani kwamba ya kwake imepotea, kumbe iko katika orodha ya pili. Mzungumzaji wa Kinyiha anayesoma Kifaransa kwa njia ya Kiingereza huvuka madaraja mawili kabla ya kulifikia neno moja, wala hesabu ya nusu-maisha haimtofautishi aliyelisahau neno la Kifaransa na yule ambaye hakuwahi kulielewa lile la Kiingereza.

Kwa aliyekwisha kuifuta kozi, iko njia ya kupunguza hasara. Anapoiongeza upya huulizwa kama anaanza tangu mwanzo au anajua kiasi fulani. Achague jibu la pili. Atapewa mtihani mfupi ambao huwa mgumu zaidi kadiri anavyopata, na mahali atakapoanzia patapangwa kwa majibu yake. Ebbinghaus angefurahi kuuona. Mtihani huo, hata hivyo, hauwezi kurudisha nusu-maisha ya kila neno. Hizo zitahesabiwa upya, jibu kwa jibu.