MTUNZA GHALA LA DAWA

Katika mtaa wa Mchesi, mjini Lilongwe, Kiswahili si lugha ngeni. Kimeletwa na watu waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo, ambao wengi wao wameandikishwa katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo wa kilometa 45 hivi kutoka mjini. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu elfu kumi na kitu. Leo inao zaidi ya 50,000.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waishio mijini warejee Dzaleka, na mwezi wa Mei vyombo vya usalama vikaanza kuwakusanya. Amri ni amri, nasi tuvaao magwanda hatuhitaji kufundishwa hilo. Lakini hebu tumfikirie mtu mmoja miongoni mwa wanaopandishwa garini: anaugua kifua kikuu, tena anaishi na virusi vya Ukimwi. Dawa zake zimebaki chini ya mto.

Tiba ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Mojawapo ya dawa zake, rifampisini, hulichochea ini lizivunje dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Miongoni mwa hizo ni dolutegraviri, dawa ya virusi ambayo Malawi iliifanya ya kwanza kutumika mwaka 2019. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii humeza miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Akifika kambini bila cheti, na mhudumu akampa kidonge kimoja kama wenzake, siku hiyo hakuna atakayeona kosa. Huonekana baada ya miezi, virusi vikiisha kuzoea.

Kazi ya kulikamata kosa kama hilo ndiyo ya mfamasia bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Nchini Marekani, mhitimu wa famasia hukaa hospitalini mwaka mmoja wa mafunzo ya jumla, kisha mwaka wa pili akashughulikia maambukizo tu. Hufuatana na madaktari wodini, husoma majibu ya maabara, hupima dozi kwa uzito na hali ya figo, na, jambo gumu kuliko yote, humwambia daktari aliyemzidi umri kwamba dawa hii sasa iachwe. Kwetu Afrika Mashariki, Dar es Salaam imefundisha famasia tangu 1974, na Muhimbili na Nairobi zina shahada ya uzamili ya famasia ya hospitali. Malawi ilianza shahada ya kwanza mwaka 2006 tu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyagawa madawa ya kuua bakteria mafungu matatu: ya kutumika kwanza, kama amoksisilini, ya kuangaliwa, kama siprofloksasini, na ya akiba, kama kolistini. Askari yeyote aliyewahi kutunza ghala la silaha ataelewa maana ya fungu la tatu.

Malawi yenyewe inayo hadithi ambayo tungependa isimuliwe katika kila kambi. Wazee wetu waliimeza klorokwini wakajikuna usiku kucha, hata ikafika siku malaria ikawa haiijali tena. Mwaka 1993 Malawi ikaiacha, ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara, ikashika dawa ya SP. Vimelea vilivyo sugu, vikiwa havina tena faida ya usugu wao, vikapungua, na vile dhaifu vikarudi. Watafiti wakaijaribu tena klorokwini kwa watoto wa Blantyre, na mwaka 2006 wakatangaza matokeo: kati ya watoto 80 ilishindwa kwa mmoja tu, ilhali SP ilishindwa kwa 71 kati ya 87. Dawa iliyopumzishwa ilikuwa imepata nguvu. Hata hivyo hatudhani kila dawa itarudi hivyo, na mgonjwa wa leo hawezi kungoja miaka 12.

Kituo cha afya cha Dzaleka huwatibu wakimbizi pamoja na wanavijiji wa jirani. Usugu unaoingia kwa lori hautabaki ndani ya kambi. Kumpeleka mfamasia masomoni miaka miwili ni gharama, na lazima apatikane wa kushika nafasi yake. Lakini kumwambia mtu, kabla hajapanda gari, "Mama, chukua kwanza dawa zako na cheti chako," ni kazi ya dakika mbili, na polisi aliye mlangoni aweza kuifanya leo.