Tuweke wapi maneno ya Kisanga?

Timu yetu inarekodi ngano za Kisanga. Tulianza na Word: neno moja likaandikwa kwa namna tatu. Msimulizi amekwisha kufariki. Hatuwezi kumwuliza tena.

Tukalinganisha programu mbili za bure. ELAN, ya Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, huunganisha kila sentensi na sekunde zake katika sauti. FLEx, ya SIL, hujenga kamusi: ukisahihisha maana ya neno humo, uchanganuzi wa matini zote hufuata. Zote hufanya kazi bila intaneti, na hutunza data katika XML, inayosomeka hata nje ya programu yenyewe.

Tumechagua zote mbili, ELAN ikitangulia: tahajia ikitiliwa shaka, tunamsikiliza mzee mwenyewe.