Spika Janja Ikae Wapi Nyumbani?

Miongoni mwa zawadi wanazotuletea jamaa zetu wanaporudi kutoka Dubai, Maskati au London, sasa kimeingia chombo kidogo mfano wa kopo: spika janja. Ukiiita kwa jina lake huitika. Ukiiamuru huwasha taa, husoma habari, na hukukumbusha chungu ulichokiacha jikoni. Waliokiunda chombo hiki walitaraji kiwe moyo wa nyumba iliyounganishwa kwa intaneti. Je, ndivyo kitakavyokuwa?

Kampuni ya Amazon ilianza kuuza Echo, yenye sauti iitwayo Alexa, mwaka 2014. Google ikafuata mwaka 2016 na Apple mwaka 2018. Tamaa ilikuwa mwenye nyumba aamuru kila kitu kwa ulimi, tangu kufuli la mlango hadi ununuzi wa vyakula. Lakini wengi wametosheka na haja ndogo ndogo: sauti ya kusikiliza, hali ya hewa, kengele ya kuamka. Kisha, mwaka 2022, kampuni hizo shindani zilitoa kanuni ya pamoja iitwayo Matter, ili vyombo vya watengenezaji mbalimbali vielewane. Kwa hiyo taa moja yaweza kutii spika ya kampuni hii na simu ya kampuni ile. Spika imebaki mlango mmoja kati ya milango mingi, na simu iliyomo mfukoni ndiyo iliyo karibu zaidi.

Kwetu pwani kuna vizuizi vingine. Alexa imefunzwa Kiingereza, Kiarabu na Kihindi, lakini Kiswahili bado hakimo katika lugha zake. Nyanya asiyejua lugha hizo hana la kuiambia. Na stima ikipotea, ikapotea na intaneti, hubaki kopo tu. Siioni, basi, ikiwa moyo wa nyumba zetu.

Hata hivyo, chombo kisicho moyo chaweza kuwa sikio. Kipaza sauti chake hukaa macho kikingoja neno la kukiamsha. Kikilisikia, au kikidhani kimelisikia, hurekodi maneno na kuyapeleka kwenye kompyuta za kampuni. Mwaka 2018, huko Portland, Marekani, Echo ya familia moja ilirekodi mazungumzo ya faragha na kuyatuma kwa mtu waliyemjua. Amazon ilieleza kuwa kifaa kilidhani kimeamriwa. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba ilihifadhi sauti za watoto hata baada ya wazazi kuomba zifutwe. Hapa kwetu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Lakini idhini hiyo ina maana gani ikiwa mzazi mwenyewe hajui kinachosikilizwa?

Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilijua jambo hili. Nyumba huanzia daka, ikaingia kiwandani, ikapita misana, ndipo ikafika ndani. Kila hatua ina watu wake. Mgeni hupokewa vizuri, lakini hakaribishwi chumbani.

Spika janja nayo ni mgeni, tena mgeni aliyetumwa na mwingine. Aliyenayo aiweke sebuleni, si chumba cha kulala wala cha watoto. Azime kipaza sauti chake wakati haitumiki. Afungue programu yake kwenye simu na kufuta yaliyorekodiwa. Na akija mtu kwa mashauri, aambiwe kuwa ipo, kwani siri ya mgeni si yetu kuitoa. Haya yazungumzwe baina ya mume, mke na watoto kabla chombo hakijachomekwa kwenye stima, maana sitara ya nyumba ni ya wote waishio ndani yake.