Joshi na Demani: Chombo Kisicho na Kulia Wala Kushoto

Wanasiasa wetu wamekwisha kujichukulia nahodha, dira na usukani. Hotuba haipiti bila kimojawapo. Joshi na demani wamewaachia mabaharia. Haishangazi, maana maneno hayo mawili hayaeleweki mpaka ujue upepo unavuma kutoka wapi.

Kwenye jahazi, joshi ni upande unaopokea upepo. Demani ni upande wa pili, unaolaliwa na chombo tanga likijaa. Kulia na kushoto havisaidii kitu hapa: upande uliokuwa joshi asubuhi waweza kuwa demani jioni, bila baharia kuhama alipoketi. Majina hayohayo ni ya kamba mbili zinazolitawala tanga. Ukilitazama kwa mbali, tanga la jahazi ni kama pembetatu, lakini ncha ya mbele imekatwa, kwa hiyo lina pembe nne. Pembe ya chini ya mbele hushikwa na kamba ya joshi, ya chini ya nyuma hushikwa na demani. Upepo ukizidi, nahodha huamuru demani ilegezwe. Akitaka kuukaribia upepo, ikazwe. Huko kuukaribia upepo ndiko kwenda joshi. (Demani pia ni jina la majira, pale kusi inapopungua nguvu kuanzia Agosti hivi, lakini ndani ya chombo hakuna anayechanganya.)

Kazi yenyewe iko kwenye kubisha, yaani kwenda kule unakotoka upepo. Tanga haliwezi kuuelekea upepo moja kwa moja, basi chombo hukata mshazari upande huu, kisha ule. Kwa jahazi kubwa hilo si jambo la kugeuza usukani tu. Tanga limefungwa kwenye foromali, mti mrefu ambao mara nyingi ni vipande vilivyoungwa kwa kamba, na foromali hukaa upande wa demani wa mlingoti. Kubadili upande ni kuihamisha yote. Chombo huupa upepo tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, demani hufunguliwa, foromali husimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, ndipo kamba zifungwe upya. Joshi ya zamani sasa ni demani. Usiku, bahari ikiwa imechafuka, amri moja isiyosikika vizuri yatosha kulisokota tanga kwenye mlingoti na kulichana. Ndiyo sababu lugha ya chomboni haina maneno ya ziada.

Kutweka tanga nako kuna mpango wake. Henza, kamba nene, hupita juu ya mlingoti na kuinua foromali. Uzito huo hauvutwi hivihivi: mwisho wa henza una kapi liitwalo gofia, na jarari huzunguka kati ya gofia na abedari, kapi la chini, ili nguvu ya watu wachache itoshe. Anayesimamia ni serahangi. Cheo chake, kama cha nahodha, kina asili ya Kiajemi; upepo wa kaskazi ulileta watu wa huko na maneno yao pamoja.

Mwili wa chombo ni rahisi zaidi: omo mbele, tezi nyuma, mkuku chini, na ngama ndani, maji yanapokusanyika. Methali ya kwenda tezi na omo na kurejea ngamani husemwa na wengi ambao hawajawahi kufua maji hata ndoo moja.

Mashine imepunguza haja ya maneno haya, kwa kuwa chombo chenye injini hakibishi. Bado yanafanya kazi kwenye mashua za Lamu na Nungwi. Ukipanda mojawapo ukaambiwa uhamie joshi, nenda upande unaopigwa na upepo, uende upesi, na usiikanyage kamba ya demani.